Mgono wa Babu na Hesabu za Darasa la Sita

Mimi ni karani wa parokia hapa karibu na Ifakara. Kazi yangu ni kuandika majina ya wabatizwa na ya wafunga ndoa, kupokea michango, na kuwaambia watu kama Padre yupo au hayupo. Lakini cheti changu ni cha ualimu, nacho kimo sandukuni tangu nilipotoka chuoni, changoja ajira pamoja na vyeti vya wenzangu wengi. Leo nataka kuwasimulia aibu niliyoipata nilipokuwa mwanachuo.

Tulipelekwa katika mazoezi ya kufundisha, nikapewa darasa la sita, somo la Stadi za Kazi, mada ya ususi. Nikaandika ubaoni hatua za kusuka mkeka, ya kwanza hata ya saba. Watoto wakanakili, nikasahihisha madaftari, na wengi wakapata alama nzuri. Mle darasani hapakuwa na ukindu hata jani moja. Kipindi kilipokaribia kwisha, msichana mmoja akanyosha mkono akauliza, "Samahani Mwalimu, wewe wajua kusuka?" Darasa zima likanyamaza. Nikajibu kwamba muda umekwisha.

Jioni ile nilimkumbuka baba yangu. Yeye ni mvuvi wa siku nyingi, alitulea kwa samaki wa mto Kilombero, na migono yake aliisuka mwenyewe barazani. Mimi nilikaa karibu naye miaka yote ile nikisoma kitabu, wala sikumpokea hata ufito mmoja. Nilidhani kusoma ni kule, na huku ni kazi ya wasiosoma.

Kwa wale wasiokaa karibu na mto, mgono ni mtego wa samaki, mrefu kama pipa jembamba. Mifupa yake ni pete za fito, na juu ya pete hufungwa matete yaliyopangwa sawasawa kwa kamba. Mdomoni huwekwa koo, yaani matete yaliyochongoka yanayoelekea ndani na kukaribiana. Kambale huingia kwa urahisi kwa sababu matete humpisha, lakini akigeuka kutoka hukutana na ncha zake. Mgono hauna mlango wala kufuli, na samaki haoni alipopitia.

Basi, baada ya kuajiriwa parokiani nilimwomba Padre ruhusa ya kutumia kivuli cha mwembe ulio nyuma ya ofisi, kila Jumamosi asubuhi. Nikawaita watoto wa darasa la tano hadi la saba, nikamwomba baba awe fundi wetu. Alicheka kwanza. Akauliza kama nimefilisika mpaka nataka kurudi mtoni.

Siku ya kwanza nikawaambia watoto wachore mgono kabla ya kukata chochote, wa mbele na wa ubavuni, na vipimo vyake. Baba aliitazama michoro akairudisha. Yeye hupima kwa shibiri na vidole. Kwa pete akawaambia hivi: pima upana unaoutaka, chukua mara tatu, ongeza vidole viwili, kisha uache urefu wa kupishanisha ncha na kufunga. Kijana mmoja wa darasa la sita, ambaye hesabu zake shuleni ni za kusikitisha, alitaka pete yenye upana wa sentimeta 28. Akakata mara tatu tu, sentimeta 84, akaona vidole viwili vya mzee ni maneno ya kizamani. Ncha zilipopishana pale pa kufungia, pete ikatoka ndogo, koo halikuingia.

Hapo nikatwaa kijiti nikaandika mchangani: 22 kwa 7, mara 28. Tukapata 88. Tukapima vidole viwili vya baba, ambavyo ni vinene kwa kazi, navyo vilikuwa karibu sentimeta 4. Yule kijana akatazama mchanga, akatazama mkono wa mzee, kisha akauliza lile ambalo mimi sikulifikiri. "Babu, na mgono wenye upana mara mbili?" Baba akajibu bila kuinua uso, "Vidole vinne." Ndivyo ilivyo, maana upana wa 56 hutaka 176, na mara tatu yake ni 168. Baba yangu hajui 22 kwa 7 ni kitu gani. Mimi nilikariri hesabu hiyo miaka mingi, nikaifaulu, lakini sikujua ni ya nini.

Tulitegea katika mfereji wa mashamba ya mpunga, wala si mtoni, kwa sababu ya mamba. Mgono wa kwanza ulitoka mtupu, pumba tuliyotia imeliwa yote. Watoto wakabishana nusu saa. Mwisho msichana mmoja akatia mkono wake kooni akautoa bila kukwaruzwa, akasema, "Kama mimi natoka, kambale atashindwaje?" Wakafungua, wakayakaza matete. Juma lililofuata tulipata kambale wawili na perege mmoja. Kundi jingine lilikuwa limebananisha matete mno, likakamata vitoto vya samaki vya urefu wa kidole. Baba akavimwaga majini na kuwaamrisha wafumue tete moja katika kila matete mawili. Walinuna sana.

Sasa nieleze lililonichoma. Mama wa yule kijana wa hesabu alikuja Jumamosi moja. Akampa baba shikamoo vizuri, kisha akanigeukia mimi. "Karani, mwanangu nampeleka shule asije akawa mvuvi." Aliyasema hayo mbele ya baba yangu, naye baba akaendelea kuchonga ufito.

Sikumkasirikia mama yule, maana mimi mwenyewe niliwaza hivyo miaka ishirini. Tena wazazi wana sababu. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka kazi na masomo vishikane, mtoto apange, afanye, aone kosa lake. Lakini mahali pengi lililobaki ni jembe, na jembe likawa adhabu ya mchelewaji. Mzazi aliyelimishwa hivyo hawezi kufurahi akisikia neno "kazi" shuleni. Mtaala mpya ulioanza mwaka 2024 umeweka mkondo wa amali katika sekondari. Ni jambo jema, ila ninaogopa ubao. Zile hatua saba zangu za mkeka zaweza kuandikwa katika mtaala wowote.

Nilimwomba yule mama akae kidogo. Nikamwita mwanawe, nikamwambia amkatie mama yake ufito wa pete yenye upana wa sentimeta 35. Akapiga hesabu mchangani, akapata 110, akaongeza mahali pa kufungia, akakata, akakunja, akafunga. Tukapima upana, ukawa 35. Mama akaigeuza pete mikononi, akauliza kama jambo hili litakuwamo katika mtihani. Nikasema duara limo, mgono haumo. Akasema basi aje, ila amalize kwanza kazi za shule. Jumamosi nyingine kijana huja, nyingine haji.

Watoto sasa wametaka kujenga daraja. Tangu daraja kubwa la mto Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018, wadogo miongoni mwao hawakumbuki kabisa habari za kuvuka kwa pantoni. Letu litakuwa la mianzi, la urefu wa mita moja, na lazima libebe matofali manne. Baba amesema mambo ya madaraja hayajui, lakini atakuja kukaa.