Yusufu Alinyoa Kwanza

Mpendwa uliye na mahojiano ya kazi kesho, umeomba nikuombee. Nitakuombea. Lakini soma kwanza Mwanzo 41:14. Yusufu alipotolewa gerezani alinyoa, akabadilisha nguo, ndipo akaenda mbele ya Farao. Mungu angeweza kumtumia na ndevu zake!

Mimi wakati natafuta kazi nilikesha nikiomba, asubuhi nikapanda matatu hapa Waithaka na shati lenye mikunjo. Mvua ikanyesha, jam ya Ngong Road ikatushika, nikafika nimechelewa. Wakaniuliza, "Kampuni yetu inafanya nini?" Nikanyamaza. Njia nzima nilikuwa nikipanga ushuhuda wa Jumapili. Nilirudi nyumbani nikimlaumu shetani, na siku hiyo shetani hata hakuwa na habari nami.

Kwa hivyo piga pasi leo, kabla stima haijapotea. Kitambulisho, vyeti vya shule na cheti cha tabia njema viweke kwenye bahasha moja. Mwambie mtu wa nyumbani akuulize maswali, umjibu kwa sauti. Toka alfajiri. Msalimie vizuri mlinzi wa getini.

Ukishuka kwenye matatu nitumie ujumbe. Nitakuwa nimepiga magoti.