Lala Ndani Kabla Hujalipa

Sisi wa Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, tulifundishwa uzuri wa gari na wageni. Wakimbizi wa Burundi walivuka kwa wingi mwaka 1993, kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na tangu hapo barabara zetu hazijakosa Land Cruiser nyeupe za mashirika ya misaada, zenye antena ndefu za redio. Mtu wa huku kwetu Rungwe Mpya akipata hela za maharage au tumbaku, moyo unamwenda kwenye gari hilo hilo. Ameliona likipita kwenye tope la Machi, dereva hajashuka hata mara moja. Ambacho hajakiona ni risiti. Mafuta, matairi na fundi wa lile gari vinalipwa na ofisi iliyo mbali, wala dereva mwenyewe hajui ni shilingi ngapi.

Nimelifikiria sana jambo hilo tangu mimi na mke wangu tulipoamua kununua gari letu la kwanza, gari la kufanyia biashara na kulala humo humo. Wazungu wana magari ya namna hiyo, yenye kitanda, jiko na tangi la maji. Wapo wanaopita nayo kwenda Kigoma, hema limekunjwa juu ya paa, safari yao ni Gombe au Mahale. Kwao ni mapumziko. Kwetu wauza vitenge tunaozunguka magulio, Makere leo, Rusesa kesho, kulala garini ni hesabu ya biashara. Ukifika jioni ya kuamkia gulio unapata mahali pazuri pa kutandika. Ukifika asubuhi unasukumwa pembeni. Ukilala gesti unalipia chumba, unamlipa na mlinzi wa mzigo, halafu usingizi wenyewe hauji kwa kuuwazia mzigo.

Gari la kwanza humtaka mnunuzi aseme ukweli juu ya maisha yake. Unaamka saa ngapi, unapita njia gani, unabeba nini, unalala na nani. Mengi ya hayo hatuyasemi hata nyumbani, tunaishi tu. Mimi na mke wangu tulizungumza juu ya ndoa yetu katika miezi ile ya kutafuta gari zaidi kuliko tulivyozungumza kwa miaka kadhaa, kwa sababu kila swali la gari lilikuwa swali la namna tunavyotaka kuishi.

Tulianza na Toyota Noah, kwa kuwa huku kila mtu ana jibu moja: nunua Noah, siku isiyo na gulio upakie abiria. Ni kweli michomoko, yaani magari madogo ya abiria, inatoka Kasulu kwenda kila upande na inawalisha watu wengi. Lakini hiyo ni kazi kamili, yenye leseni ya usafirishaji ya LATRA, namba nyeupe badala ya njano, na roho za watu mikononi mwako. Baba yangu mdogo, aliyeendesha malori maisha yake yote, alitusikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Mwanangu, mnatafuta gari la abiria au mnatafuta gari lenu?" Mke wangu akawahi kujibu: "Letu, baba." Mjadala wa Noah ukafungwa siku hiyo.

Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, nacho tulikipima. Bei yake inavutia, injini ya cc 660 hainywi mafuta, na njia nyembamba za vijijini kinaziweza. Tatizo ni kwamba Wajapani waliokitengeneza walikipa kikomo cha kilo 350, na marobota yetu, viti na turubai vikishaingia, watu wawili hawana pa kunyoosha miguu.

Tukafika kwenye HiAce ya mizigo, ile ya dizeli yenye injini ya 5L. Si gari la kupendeza machoni. Baba mdogo aliitetea kwa sababu ambazo sikuzisoma popote. Kwanza, injini hiyo haina mambo mengi ya umeme. Fundi wa kawaida chini ya mwembe anaifungua na kuifunga. Zile Noah zenye injini ya D4 zina nguvu, lakini zinataka mafuta safi na fundi mwenye mashine ya kupimia, na petroli ya kwenye chupa kando ya njia si mafuta safi. Pili, ukiwa kijijini umeishiwa, uliza palipo na mashine ya kusaga: mara nyingi dizeli utaipata. Tatu, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na mzigo umeyakalia, kwa hiyo utelezi wa udongo wetu mwekundu hayauogopi sana. Kuna lami siku hizi kwenye barabara kuu, lakini magulio mengi hayako kwenye lami.

Kuagiza Japani tuliacha. Bei inayoonekana kwenye simu inadanganya macho: bandarini Dar es Salaam unakutana na ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, ushuru mwingine, na nyongeza nyingine kwa umri wa gari. Tukatafuta la hapa hapa nchini. La kwanza tulilolipenda tuliliacha kwa sababu kadi ya gari ilikuwa na jina la mtu ambaye muuzaji hakuweza kutuonyesha. Iliniuma, lilikuwa zuri.

Lililofuata, mke wangu alimwomba mwenye gari ruhusa ya kulala ndani yake usiku mmoja, pale pale uani kwake. Yule mzee alishangaa, akakubali, na mkewe akatuletea chai. Usiku ule mvua ilinyesha. Tukajua mpira wa mlango wa nyuma unavujisha. Tukajua uvimbe wa gurudumu unakaa ubavuni mwa mtu mrefu, hivyo kitanda lazima kiinuliwe na mzigo uwe chini yake. Tukajua pia kwamba tunaweza kukaa wawili katika nafasi ndogo bila kuchokana. Alfajiri injini ikiwa bado baridi tukaiwasha, tukatazama moshi. Tulipopatana bei, gharama ya mpira wa mlango ilishapunguzwa.

Lakini bei si gharama yote. Novemba 1871 msafiri Stanley alipita nchi yetu hii ya Uha akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone. Alibeba vitambaa alivyoamini vinatosha. Watawala wa Uha wakamtoza hongo ya kupita, mmoja baada ya mwingine, kama ilivyokuwa haki yao kwa njia yao, mpaka akaona vitaisha kabla hajafika. Akamlipa mtu wa kuwaongoza, wakapenya porini usiku. Namkumbuka kila nikisikia mtu akisema ameshakusanya hela ya gari. Amekusanya bei. Matairi, bima, uhamisho wa umiliki TRA, betri na spea havijahesabiwa, navyo vinamngoja njiani. Sisi tulitenga fungu la njia kabla ya kuweka fungu la bei, na hilo ndilo lililotufanya tununue gari la bei ndogo kuliko uwezo wetu. Naliona hadi leo kuwa uamuzi bora kuliko kuchagua gari lenyewe.

Jambo moja nalisema kwa uzito wote. Kasulu iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi inauma. Usiingize jiko la mkaa ndani ya gari, hata limebaki makaa mekundu tu, hata kwa dakika chache. Hewa yake haina harufu, na inaua watu wamelala. Vaa sweta, ongeza blanketi, acha kioo wazi kidogo. Pikia nje. Kabla ya kuegesha, mpigie hodi mwenyekiti wa kitongoji umweleze mko wangapi na mnaondoka lini. Atakuonyesha mahali salama. Na ukienda kulitazama gari unalotaka kununua, nenda na fundi wako na mwenzako utakayelala naye humo. Usiende na dalali peke yake.