Mlio wa Peugeot

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Ila si kila wingu huleta mvua. Mzee mmoja wa Mumias alirithi kwa babake Peugeot 504, aina iliyoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Kila lilipofika kilomita 80 kwa saa kwenye barabara ya Bungoma, gari lilinguruma ajabu. Mzee akaamini injini imekufa, akaazimia kuliuza kama vyuma chakavu.

"Mzee, hebu toa gia," akasihi fundi kijana aliyeketi kando yake.

Mlio haukubadilika, injini ikaondolewa lawama. Gari lilipopinda kushoto, uzito ukaegemea kulia, mngurumo ukazidi. Kumbe ni beringi ya gurudumu la kulia iliyolika! Mzee aliinamia usukani kimya. Nusura auze urithi wake kwa kilo, kwa sababu alisikia bila kusikiliza.