Tamthilia Ikingali Mbichi

Wengi wetu tuliijua tamthilia ya Kinjeketile darasani, kalamu mkononi, tukisaka dhamira na wahusika kwa ajili ya mtihani. Ebrahim Hussein aliichapisha mwaka 1969, na tangu hapo imepita mikononi mwa vizazi vya wanafunzi ambao wengi wao hawakuwahi kuisikia ikitamkwa na mwigizaji. Jambo hili huniuma. Tamthilia huandikwa ili isemwe.

Ndiyo maana nazipenda jioni za kusoma miswada ya tamthilia mpya, zile zisizo na kiingilio. Hakuna maleba wala mapambo ya jukwaa. Waigizaji huketi na karatasi zao, mmoja husoma maelekezo ya jukwaani, mwandishi hukaa pembeni akiyasikia maneno yake vinywani mwa wengine. Wakimaliza, waliokuja husema.

Na hao waliokuja ndio hasa uzito wa shughuli. Weka kiingilio, mama muuza samaki hatakuja, wala mvuvi. Nilimsikia mzee mmoja wa huku kijijini Saadani, aliyeumalizia ujana wake baharini, akimwambia mwandishi kijana: "Mwanangu, huyu nahodha wako anasema mno. Chombo kinaingia maji, watu wanafua maji, yeye anahutubia nani?" Hotuba ile ndiyo aliyoihangaikia kijana kuliko kitu kingine chochote. Hakujitetea. Aliinama akapiga mstari ukurasa mzima. Mswada uliposomwa tena, nahodha alitoa amri fupi tu, na ile dhoruba tukaiogopa kweli.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyatazama mambo mengine kwa jicho hilo. Mara ngapi kikao cha ukoo, au mkutano wa kijiji, huletewa jambo lililokwisha kukauka? Mahari imepangwa, shamba limeuzwa, kisha wazee wanaulizwa maoni. Hapo maoni ni adabu tupu. Kumshirikisha mtu ni kumfikia wakati neno lake bado linaweza kubadili kitu, na hilo linahitaji moyo, kwa sababu kazi ambayo haijaiva humwanika mwenyewe.

Walimu wetu wa sanaa walilijua hili zamani. Miaka ya 1980 Penina Muhando Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini, Malya kule Mwanza na Msoga huku kwetu, wakakaa na wanakijiji. Wenyeji walitaja matatizo yao, wakayageuza mchezo kwa ngoma na maigizo yao wenyewe, na baada ya onyesho mjadala ukaendelea. Mtazamaji alikuwa mtunzi.

Bagamoyo ina chuo cha sanaa tangu 1981, siku hizi Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Ukumbi wake uliungua 2002, na mpya ukafunguliwa 2008. Ukumbi ni jambo kubwa, lakini kusoma mswada hakuhitaji kuusubiri. Watu husafiri kwenda Bagamoyo kuangalia tamasha la kila mwaka. Ningependa sana miswada nayo isafiri, ije Saadani kabla ya tamasha, isomwe barazani jioni, wavuvi wakiwa wamekwisha rudi, na wanafunzi waje na kalamu za kufutia.