ZAMU YA USIKU, SEHEMU YA 6: PLASTA KWENYE KOMPYUTA

Leo siongelei dawa, naongelea kompyuta.

Usiku mmoja wa Julai, baridi ya Uyole mnaijua, mama kaleta mtoto ana homa kali, anahema kwa shida. Nataka kumfungulia faili, mfumo unagoma. Ujumbe mwekundu, tena wa Kiingereza: taarifa si sahihi, wasiliana na msimamizi. Taarifa ipi? Hausemi. Msimamizi mwenyewe saa nane usiku kalala, simu haipokelewi. Nikaandika kwenye karatasi, nikakimbia maabara mwenyewe. Mtoto alipona, Mungu mkubwa.

Asubuhi dada wa mapokezi akacheka: "Sista, tarehe ya kuzaliwa inaanza na mwaka." Basi! Akaandika mfano kwenye plasta, akabandika chini ya skrini. Mpaka leo ipo.

Ile plasta imetusaidia kuliko kitabu cha maelekezo kilichofungiwa ofisini. Ipo pale pale unapokwama, ni Kiswahili, ina mfano.

Angalieni M-Pesa, ipo Tanzania tangu 2008. Mama muuza viazi anaitumia bila semina. Menyu ni Kiswahili, na kabla hela haijaondoka anaonyeshwa jina la anayemtumia. Kakosea? Anaghairi.

Nyie mnaotengeneza mifumo ya hospitali, kila kosa liseme kimekosewa nini na nifanye nini sasa hivi. Njooni mkae nasi zamu moja ya usiku, mwone plasta tumezibandika wapi.