Kamera ya Kukunja

Wengi wenu mnazijua simu, ambazo hupiga picha mia kwa siku moja. Mimi napenda kuwaeleza habari za kamera ya kukunja, ambayo kwa mkanda mmoja hupiga picha nane tu.

Naliinunua hapa Keko, penye mafundi seremala wengi, kwa mwenye duka la vitu vikuukuu. Jina lake Nettar, kazi ya Zeiss Ikon, kampuni iliyoundwa Ujerumani mwaka 1926. Ikifungwa huingia mfukoni mwa koti. Ikifunguliwa, lenzi hutoka mbele pamoja na mvukuto wake uliokunjwakunjwa. Atakaye kununua kamera ya namna hii na autazame kwanza mvukuto. Aingie chumba chenye giza, afungue mgongo wa kamera, atie tochi ndani. Akiona nuru hata kama ncha ya sindano, ajue kwamba picha zitaharibika. Mvukuto wangu ulikuwa na matundu mawili pembeni, na fundi wa makochi akayaziba kwa ngozi nyembamba nyeusi na gundi.

Mkanda wake ni wa namba 120, uliotolewa kwanza mwaka 1901, na hata leo hutengenezwa. Nyuma pana kidirisha chekundu kinachoonyesha hesabu ya picha. Umbali hukadiriwa kwa macho, na mwanga kwa kulitazama jua. Asiyeuvuta mkanda baada ya kupiga hupata watu wawili mahali pa mmoja.

Basi, baba mkwe wangu, seremala tangu ujana wake, alikuwa akipungukiwa na nuru ya macho. Akaniambia, "Mkwe wangu, nipige picha nikiwa kazini, maadamu ningali nauona msumeno." Katika mkanda ilibaki picha moja. Nikapima hatua toka meza yake ya kazi, nikangoja wingu lipite. Naye akasimama kimya, mkono juu ya randa. Nikabonyeza mara moja tu.

Tukangoja siku kadha mpaka mkanda uliposafishwa na picha kuchapwa. Mzee akaisogeza karatasi karibu na pua, akaitazama sana, akasema, "Randa hii ilikuwa ya baba yangu."

Sasa haoni tena. Wajukuu humweleza yaliyomo katika picha ile, naye huwaeleza randa ilikuwa ya nani.