Sahani ya Mdogo Wake

Mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, iliwaachisha kazi watu zaidi ya 10,000, katika mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia na kuitwa kuondoka kwa hiari. Baba wa familia moja ya mji wa Kolwezi alikuwamo. Nyumba yake ya eneo la Dilala, iliyozoea posho ya unga, hospitali na shule za kampuni, ikabaki na malipo ya mara moja ambayo hayakukaa.

Binti mkubwa, ambaye wadogo zake wanamwita yaya, akaanza kuuza mikate. Mdogo wake wa kiume akaingia mashimoni kuchimba malakiti na heterojeniti, mawe ya shaba na kobalti.

Kwanza lutuku, pombe kali ya kienyeji, ilikuwa ya kutoa woga. Anayeshuka kisima chembamba huku vidole vya miguu vikitafuta vishimo vilivyochongwa ukutani, akijua udongo huporomoka bila kupiga hodi, haulizwi kwa nini amekunywa. Wengine huvuta bangi. Lakini ikafika wakati akanywa hata siku asizoshuka, asubuhi kabla ya chai, mpaka mkono utulie.

Yaya akawa analipa madeni ya mdogo wake kwa muuza lutuku, ili asipigwe. Deni likiisha, jingine linafunguliwa. Sufuria kubwa ya bukari, yaani ugali, ikatoweka, kisha godoro. Majirani walimwita mjinga. Hawakumtendea haki, kwani katika nyumba nyingi mapenzi huanza hivyo hivyo, kwa kuziba matundu.

Wajomba wakaamua kijana afungiwe chumbani mpaka aache. Siku ya pili alitetemeka, akalowa jasho, akazungumza na watu wasiokuwapo. Usiku akapata degedege. Wakati wengine wakitaja mapepo, muuguzi wa jirani aliwaambia wamkimbize hospitali: mwili uliozoea pombe kali kila siku ukinyimwa ghafla, mtu anaweza kufa. Huachishwa kwa dawa za kutuliza, vitamini B1 na uangalizi. Ni wangapi wamefungiwa hivyo kwa nia njema?

Kwa uraibu mwingine, uangalizi wa namna hiyo upo: Dar es Salaam, hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011 kwa waliotekwa na heroini. Mgonjwa hunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Dawa hiyo haitibu ulevi wa lutuku. Utaratibu wake, hata hivyo, wa kumpokea mtu kila siku kama mgonjwa, Kolwezi inauhitaji. Mji unaochimba kobalti inayoingia katika betri duniani kote hauwezi kuwaachia kina yaya peke yao kazi hii.

Tangu siku ile ya hospitali, yaya alibadilika. Alimwambia muuza lutuku mbele ya watu kwamba halipi tena.

“Yaya, nipe mia tano.”

“Franka sina za kukupa. Kaa, ule.”

Kijana alikasirika, akalala kwa rafiki, akarudi. Bado hajaacha kabisa. Dawa yaya huinunua mwenyewe, kliniki huenda naye, na bukari yake na sombe, yaani kisamvu, hutengwa pamoja na za wengine, awe amekunywa au hakunywa.